Kitufe cha Kutuma kwa Wote

Jumatatu, 2 Juni

Dada, nimelifungua leo daftari ulilonipa. Naahidi kuandika kila kitu: ya kujisifu, ya aibu, na yale ambayo mama hatakiwi kuyajua. Mambo yakiisha nitalitia kwenye kifurushi chako. Tafadhali usilisome mbele ya wenzako wa bwenini.

Habari kubwa! Mwalimu wa kompyuta ametangaza kwamba chuo chenu kitapokea wanafunzi likizo hii, wiki tatu nzima, wafundishwe kutengeneza programu za simu. Kila shule nafasi moja. Moja! Atakayeonyesha programu inayofanya kazi, Ijumaa ya wiki ijayo, mbele ya mwalimu mkuu, ndiye atakayekwenda. Wenzangu walifikiria cheti. Mimi nilifikiria sakafu ya chumba chako. Nimeshaipima kwa macho kwenye picha uliyotuma. Kati ya kitanda na kabati panatosha godoro moja jembamba na mtu mmoja mwembamba.

Ni mwaka mmoja na miezi miwili hujaja nyumbani. Silalamiki. Naandika takwimu tu.

Mwalimu ametoa masharti. Kuchora kwanza kwenye karatasi. Kutumia wateja wa kubuni, si watu wa kweli. Kujaribu kila kitu kwenye simu ya bandia, yaani ile simu inayotokea ndani ya kioo cha kompyuta. Kila jioni kuhifadhi toleo la kazi ya siku hiyo na kueleza umebadilisha nini. Mwisho, kumpa mtu mwingine aijaribu huku wewe umenyamaza. Nimeyanakili yote kwa mwandiko mzuri. Nimeyapigia mstari mwekundu. Naona sehemu ngumu imekwisha.

Programu yangu itaitwa Tayari. Ni ya duka la mama. Hali unaijua: vipimo vya wateja viko kwenye madaftari manne, vingine vimeandikwa ukutani kwa chaki, vya mwalimu mkuu viko nyuma ya kalenda. Tayari itatunza vipimo vyote, na nguo ikikamilika itamtumia mteja ujumbe aje achukue.

Mpinzani wa kuogopwa ni mmoja tu. Rula. Yule ninayekaa naye dawati moja, anayepigia mstari hata tarehe. Anatengeneza programu ya kuwakumbusha watu kurudisha vitabu vya maktaba. Maktaba! Nilimwonea huruma kwa dhati.

Jumanne, 3 Juni

Simu ya bandia imechukua dakika kumi na saba kuwaka. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Kompyuta ilinguruma kama inasaga mahindi. Rula alizitumia dakika hizo kuchora skrini zake kwenye karatasi kwa penseli iliyochongwa vizuri. Mimi nilizitumia kukasirika.

Ndipo likanijia wazo. Kwa nini nihangaike na simu ya bandia wakati mama ana simu ya kweli? Mwalimu anaruhusu simu ndani ya maabara. Mchana nilikimbia nyumbani nikamwomba mama. Akauliza ya nini. Nikasema masomo. Akasema masomo ya siku hizi yana kila kitu isipokuwa kusoma. Lakini akanipa, kwa sharti kwamba irudi ikiwa na chaji na bila picha zangu.

Simu ya kawaida haikubali programu ya mtu hivihivi. Lazima uingie kwenye mipangilio, utafute namba ya toleo, uigonge mara saba. Mara saba! Nilidhani mwalimu anatania. Nikagonga. Ya saba, simu ikatangaza kwamba sasa mimi ni mtengenezaji wa programu. Dada, nilisimama wima. Haikuuliza alama zangu za hesabu. Haikuuliza chochote!

Nikachomeka waya. Kompyuta haikuiona simu. Nikachomoa, nikachomeka. Haikuiona. Nikazima kompyuta, nikawasha. Nikafuta vifaa vyote vya kazi nikavipakia upya, kimoja kimoja, saa nzima na robo. Haikuiona. Chaji ya mama ilifika mia kwa mia. Sharti moja angalau limetimia.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimeilaumu simu, kompyuta na umeme, kwa mpangilio huo. Kisha nikaandika barua rasmi kwa mwalimu, yenye anwani mbili, kuomba nihamishiwe kompyuta ya dirishani. Ndiyo anayoitumia Rula. Nilieleza kwamba kwa manufaa ya darasa zima ingefaa tubadilishane.

Kabla sijaikabidhi, Rula aliinama akautazama waya wangu. Akaniuliza kama najua kwamba ule ni waya wa chaji tu, haupitishi data. Nikamjibu kwamba najua. Akasema basi nina subira sana, maana ni siku ya pili nauchomeka. Safu ya nyuma ikaangua kicheko.

Akafungua mkoba, akatoa waya wake. Umekunjwa, umefungwa kwa mpira, na una kikaratasi: WAYA WA DATA. Akaniazima. Ningependa kuandika kwamba niliukataa. Barua nimeikunja nikaitia mfukoni.

Saa tisa na dakika ishirini, Tayari ilifunguka kwenye simu ya mama! Skrini nyeupe, neno "Habari", na kitufe kimoja. Ukikibonyeza hakifanyi kitu. Nilikibonyeza njia nzima ya kurudi nyumbani.

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alitazama, akasema kwa upande mmoja wa mdomo kwamba ni kizuri, ila kinafanya nini? Nikamwambia bado. Akasema na yeye shati lisilo na mikono wala kola huwa analiita kitambaa.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbili za kazi tupu. Tayari sasa inapokea jina, namba ya simu na vipimo: kifua, kiuno, bega, urefu. Ukibonyeza "Hifadhi", inahifadhi. Ukiifunga na kuifungua, vipimo bado vipo! Jana asubuhi havikuwepo. Jana jioni vilikuwepo lakini kiuno cha kila mtu kilikuwa sifuri.

Leo mwalimu alipita kukagua yale maelezo ya matoleo. Alianza kwa Rula. Alisoma kwa sauti ili tuige. "Nimehamisha kitufe cha kurudisha chini ya orodha kwa sababu kidole gumba hakikifikii juu." Akasema haya ndiyo maelezo, hata mtu akifufuka baada ya miaka kumi ataelewa kilichofanyika.

Akaja kwangu. Akasoma kimoyomoyo kwanza. Kisha akasoma kwa sauti, polepole. "Vitu." "Vitu tena." "Nimebadilisha vile vitu." "Ya mwisho." "Ya mwisho kweli." Akauliza nani atajua hapa ni toleo gani linafanya kazi na lipi limeharibika. Nikasema mimi. Akasema sawa, mama, sisi tunasubiri.

Nimeona njama yake. Maelezo marefu ni mbinu ya kuwachelewesha watu wenye kasi.

Jumamosi, 7 Juni

Jaribio la mtumiaji. Sharti: mtengenezaji anakaa kimya, hasaidii, anaandika tu anachokiona. Mtumiaji: mama. Mahali: dukani, kati ya meza ya kukatia na ile rafu ya nguo zisizochukuliwa. Dada, ile rafu sasa imejaa hadi juu. Mna suruali ya kinyozi ya mwaka juzi. Mna magauni ambayo wenyewe hata hawapiti tena mtaa huu, kwa aibu. Mama hawapigii simu. Anasema mtu akiona nguo yake ina thamani ataikumbuka mwenyewe.

Nilimpa simu. Nikamwambia amwingize mteja mpya. Nikafunga mdomo.

Mama alibonyeza jina la programu. Alibonyeza picha ya sindano, ambayo ni pambo tu. Alibonyeza mahali pasipo na kitu, mara mbili, kwa heshima. Kitufe cha "Mteja mpya" kilikuwa kulia juu, kidogo, rangi ya kijivu, kizuri sana. Nilikohoa. Akapiga chini kushoto. Nilikohoa kwa nguvu zaidi, nikigeuza kichwa kulia. Akaweka simu chini, akanishika paji la uso, akaniambia nikanywe maji ya moto nilale.

Matokeo niliyoandika kwenye karatasi ya mwalimu: "Mtumiaji alikatizwa na sababu za kiafya."

Baadaye aliniuliza, huku akiendelea kupiga pindo, kama nikishinda nitakuona kweli. Nikasema kila siku, wiki tatu. Akamaliza pindo, akakata uzi. Akasema basi hicho kitufe kikuze, na ukipake rangi ambayo mtu mzima anaiona.

Nimekwenda maabara, huwa wazi hata Jumamosi, nikakikuza. Ni cha machungwa. Ni kikubwa kama biskuti.

Jumatatu, 9 Juni

Nimechungulia kazi ya Rula. Nakiri, maana niliahidi kuandika kila kitu. Wateja wake wanaitwa Msomaji wa Kwanza, Msomaji wa Pili, mpaka wa Kumi, na namba zao zote ni sifuri tupu. Hakuna uhai! Mwalimu mkuu ataangalia na kusinzia.

Nikapata mpango. Nitaweka wateja wa kweli. Vipimo vya kweli, namba za kweli. Mwalimu mkuu akifungua Tayari akakuta jina lake na kiuno chake humo, atashtuka kwa furaha. Najua mwalimu wetu alisema wateja wa kubuni. Lakini alisema hivyo kwa ajili ya wanafunzi wasio na wateja. Sisi tunao.

Nimenakili madaftari yote manne, ukuta, na nyuma ya kalenda. Watu thelathini na mmoja. Mama akauliza naandika nini. Nikasema natunza kumbukumbu za familia. Akafurahi.

Rula alipoona orodha yangu aliuliza kama wale ni watu kweli. Nikasema bila shaka. Akaguna. Akasema yeye angeogopa. Nikamwambia ndiyo maana anafanya maktaba.

Jumatano, 11 Juni

Naandika haya nikiwa nimejifunika shuka, na si kwa sababu za kiafya.

Zimebaki siku mbili. Asubuhi nilimwomba mama simu tena, nikaiacha ikichajiwa kwenye kompyuta yangu maabara, kwa waya wa Rula. Kuchajiwa tu! Mimi nilikuwa naifanyia kazi simu ya bandia kwa uadilifu kabisa. Nilikuwa nimeiwasha wakati wa mapumziko ili dakika kumi na saba zipite bila mimi. Umeona nilivyopanga?

Nilikuwa nimeongeza kitufe kipya: "Tuma kwa wote". Rula hana kitu kama hicho. Nilitaka kuona kama ujumbe mrefu unaenea vizuri kwenye kisanduku chake. Ujumbe wa kawaida, "Nguo yako tayari, karibu", ni mfupi mno kwa jaribio. Nikatunga mrefu zaidi, kitu cha kujichekesha tu: "Ndugu mteja, tunasikitika kukuarifu kwamba nguo yako imeungua kwa pasi, sehemu ya mgongoni. Tafadhali fika dukani bila kukawia."

Juu ya kompyuta kuna orodha ndogo ya kuchagua programu ifungukie wapi. Kukiwa na simu ya bandia peke yake, ni hiyo. Lakini simu ya kweli ikichomekwa, nayo inaingia kwenye orodha. Inakaa ya kwanza. Inachaguliwa yenyewe.

Sikuiangalia orodha. Niliendesha programu. Skrini ya simu ya bandia haikubadilika, nikadhani imeganda kama kawaida yake. Pembeni, kwenye simu ya mama, Tayari ilikuwa imefunguka na kitufe cha machungwa kinang'aa. Nikasema moyoni, ajabu, imefungukia huku pia. Basi nijaribie hukuhuku. Nilikwishasahau kuna laini ndani.

Nikabonyeza "Tuma kwa wote". Ikaandika: "Umetuma kwa watu 31." Nikapiga makofi!

Makofi yalikuwa bado mikononi simu ilipoanza kuita. Ikaita tena. Ikaanza kuita na kulia kwa wakati mmoja. Darasa zima likageuka. Mwalimu akauliza hiyo ni simu ya nani na kwa nini ina dharura. Rula akanyoosha shingo, akasoma kilichokuwa kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

Nifanye nini? Niliizima simu.

Dada, wakati ule niliona ni jambo la busara. Sikufikiria kwamba mtu akiambiwa nguo yake imeungua, akapiga, akakuta simu imezimwa, hatasubiri. Atakuja kwa miguu.

Niliporudi nyumbani niliwasikia kabla sijawaona. Mlango wa duka ulikuwa umejaa. Mama alikuwa katikati, utepe wa kupimia shingoni, akiapa kwamba pasi leo hata haijawashwa. Kila aliyefika alitaka kuona mgongo wa nguo yake. Mama alikuwa anashusha nguo moja moja kutoka kwenye rafu, anaigeuza mgongo, anaionyesha kama mtu anayeuza mnadani. Nzima! Nzima! Hii nayo nzima!

Kinyozi alifika na taulo la kazi begani, amemwacha mtu kwenye kiti kichwa nusu. Akapewa suruali yake ya mwaka juzi. Akaijaribu juu ya ile aliyovaa, haikufunga. Akasema ndiyo hiyo, joto limeipunguza. Mama akamtazama tumbo, hakusema kitu. Mke wa kinyozi, aliyekuja nyuma yake, alisema yote.

Mwisho akaingia mwalimu mkuu, mwavuli mkononi. Watu wakampisha. Suti yake ya kijani ilikuwa imevishwa kwenye sanamu, haina hata mkunjo. Aliizunguka mara mbili. Akatoa simu, akausoma ujumbe tena, kwa sauti. Akasema kwamba aliyeuandika, pamoja na mengine yote, ana sarufi safi. Kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango lakini viatu vyangu vya shule vilikuwa nje.

Alhamisi, 12 Juni

Mama hakunipiga wala hakufoka. Ilikuwa mbaya zaidi. Alinyoosha mkono, nikampa simu, akaitia kwenye kopo la vifungo, akafunga kifuniko. Akasema nimewatumia watu uongo kwa jina lake. Miaka kumi na tisa ameshona kwa jina hilo. Nilijaribu kueleza habari ya ile orodha ndogo na waya. Akasema mkono uliobonyeza ulikuwa wa nani?

Niliuficha mgongoni.

Maabara niliamua kurudi nyuma, kwenye toleo kabla ya kile kitufe. Ndiyo faida ya kuhifadhi matoleo: unachagua siku ilipokuwa salama, unarudi. Nikafungua orodha. "Vitu." "Vitu tena." "Ya mwisho." "Ya mwisho kweli." "Kweli kabisa." "Vitu vya mwisho." Nikachagua "Ya mwisho". Kiuno cha kila mtu kikawa sifuri. Nikachagua "Kweli kabisa". Programu ikajifunga yenyewe kabla ya kufunguka.

Rula aliniuliza kama nataka msaada. Nikasema sihitaji. Akasogeza kiti chake kwangu hata hivyo. Tulifungua matoleo moja baada ya jingine, saa nzima. Yeye aliandika kwenye karatasi: hili linafanya hivi, hili linafanya vile. Tulilipata lililo zima. Halina "Tuma kwa wote". Wale wateja tuliwafuta pamoja, tukaweka Mteja wa Kwanza mpaka wa Kumi.

Nilimuuliza kwa nini ananisaidia wakati nafasi ni moja. Akasema akishinda kwa kuwa programu yangu imeharibika, atakuwa hajashinda. Halafu akaniambia nipunguze kuhema, namtoa kwenye mstari.

Ijumaa, 13 Juni

Siku yenyewe. Nimevaa soksi mpya.

Rula alitangulia. Vitabu vyake vilitoka, vikarudi, vikakumbushwa. Alipobonyeza cha kutuma, programu ilimuuliza: "Una hakika?" Ndiyo au Hapana. Mwalimu mkuu alimwambia arudie hapo. Akarudia. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza muziki.

Zamu yangu. Simu ya mama imo kwenye kopo la vifungo, kwa hiyo nilitegemea ya bandia. Nilisahau kuiwasha mapema. Dakika kumi na saba, Dada. Nilizijaza kwa maneno. Nilieleza duka, madaftari manne, ukuta, rafu. Nilieleza mama anavyotafuta bega la mtu kwa dakika kumi huku mwenye bega amesimama mbele yake. Nilieleza kitufe kilivyokuwa kijivu na kwa nini sasa ni cha machungwa. Nilimwambia mwalimu mkuu, bila kupanga, kwamba vipimo vyake viliandikwa nyuma ya kalenda na kwamba mwezi ukiisha vingechanwa. Watu walicheka, lakini vizuri.

Ikawaka. Ikafanya kazi! Mteja wa Nne alihifadhiwa na kiuno chake kamili.

Mwalimu mkuu alikuwa na swali moja. Akauliza, mtu akibonyeza kwa bahati mbaya, ni nini kinachomzuia? Nikatazama skrini. Nikasema, kwa sasa, hakuna. Akasema asante kwa ukweli.

Nafasi amepewa Rula.

Mwalimu wa kompyuta aliniambia pembeni kwamba Tayari ndiyo wazo bora kuliko yote, na mwenye wazo ana haraka kuliko wote. Alisema mwakani nafasi itakuwepo tena. Nilisema ndiyo, mwalimu. Nilisema asante, mwalimu. Nilikwenda chooni nikafungua bomba lisikike.

Rula alinisubiri nje. Akasema nikae na waya. Akaniuliza akuambie nini akikuona. Nilikuwa na mengi, Dada. Nikasema akusalimie.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nina utulivu. Nimejifunza somo kubwa.

Asubuhi mama alifagia chini ya ile rafu, kitu ambacho hajakifanya tangu mwaka juzi. Rafu ni tupu, Dada! Nguo ishirini na mbili zilikaa pale kwa miezi. Zimekwenda zote kwa alasiri moja. Mama alisimama akaitazama kwa muda mrefu. Nikaona bega lake linatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anafuta macho kwa kipande cha bitana, anasema joto limeipunguza, joto limeipunguza! Akafungua kopo la vifungo akanirudishia simu, niweke tena Tayari, yenye vipimo tu. Aliapisha kidole changu. Wateja wote ameshawaomba radhi, mmoja mmoja. Wawili wameleta vitambaa vipya.

Kifurushi chako kinakaribia kufungwa. Gauni, sabuni, daftari hili. Dereva wa basi atakipitia kesho asubuhi.

Sasa somo lenyewe. Niliketi mbele ya rafu tupu nikafanya hesabu. Kwa kusubiriwa kwa heshima, mwaka mzima, hakuja mtu. Kwa "imeungua", wamekuja wote siku hiyohiyo, mpaka aliyekuwa amemwacha mteja kichwa nusu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na shughuli tu. Hakuna aliyewapa sababu ya kukimbia.

Kisha nikafungua simu ya mama nikahesabu jumbe tulizokutumia wewe tangu uondoke. "Tunakukumbuka." "Karibu likizo." "Mama anauliza utakuja lini." Zote za heshima. Ni arobaini na tatu. Majibu yako ninayajua kwa moyo: masomo yamekubana.

Kwa hiyo nimetengeneza programu mpya. Ni ndogo, imenichukua mchana mmoja tu maabara. Sikuchora kwenye karatasi, hakukuwa na haja. Toleo nimelihifadhi kwa jina "Vitu". Nimeijaribu kwenye simu ya mama moja kwa moja. Ina kitufe kimoja, cha machungwa, na orodha yenye mtu mmoja wa kweli na namba yake ya kweli. Nimeweka "Una hakika?" kama wa Rula. Majibu ni Ndiyo na Ndiyo.

Kimebaki kitu kimoja, maneno ya ujumbe, na sipendi kubahatisha. Dereva anarudi Jumatano, nijibu kwa mkono wake huohuo. Ikiungua cherehani ya mama peke yake utakuja, au lazima iungue nyumba nzima?